Nyumba ya Paa la Kuzunguka

Mgeni aliyeshuka stesheni ya Morogoro mwaka ule wa 1913, akainua macho upande wa milimani, alikuwa akiona kinyumba cha mawe, cha mviringo, kimekaa peke yake juu ya kilima chini kidogo ya msitu, paa lake la bati likimetameta. Wengi waliuliza ni kaburi la nani. Wenyeji walicheka wakasema si kaburi, pale anakaa Bwana Nyota, na lile paa ukilivuta kwa kamba linazunguka. Mgeni alidhani anataniwa. Lakini lilikuwa linazunguka kweli, na aliyeivuta hiyo kamba kwa miaka saba mfululizo alikuwa mwanamke wa Mwembesongo, jina lake Mosi binti Pazi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Bwana Nyota, ambaye kwao aliitwa Osterkamp, alikuja nchini kama mpima ardhi, ila wenzake walipokuwa wakishindana kupima mashamba, yeye usiku alikuwa akipima mbingu. Aliagiza darubini. Kioo chake kikubwa kilitoka Ujerumani kwa meli hadi Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo hadi Morogoro kililetwa kichwani na mpagazi mmoja tu, Pazi, baba yake Mosi. Siku kumi na mbili mzee yule alikataa katakata kupokewa mzigo na mtu mwingine, na usiku alilala amekikumbatia, mpaka wapagazi wenzake wakamwuliza arusi itakuwa lini. Kioo kilifika bila mkwaruzo. Mawe ya kuta yalitolewa mtoni, na paa likawekwa juu ya magurudumu ya vigari vya shambani, ili tundu lake ligeuzwe kila upande wa anga.

Kazi ya mle ndani haikuwa ya kupiga ramli, ingawa walikuwepo watu waliopanda kilima kuulizia ng'ombe waliopotea. Nyota ya Mshtarii ina miezi yake midogo minne, haionekani kwa jicho tupu. Miezi hiyo huizunguka, na kila mmoja kwa zamu huingia kivulini na kupotea ghafla, kama taa iliyopulizwa. Ukiijua saa kamili ya kupotea kwake, ukailinganisha na saa iliyoandikwa katika kitabu kinachochapwa Berlin, unaweza kujua ulipo duniani bila kumwuliza mtu. Kwa njia hiyo Bwana Nyota aliwaambia wachora ramani kwamba Morogoro waliiweka mahali sipo, nao wakaihamisha kwa kalamu bila ubishi. Reli ilipofika, hata mafundi wake walikuwa wakituma mtu kilimani kuuliza saa ya kweli.

Mosi aliingia pale kwa kufua nguo. Alikuwa mjane kijana, mwenye ulimi mwepesi na macho makali kupita kiasi, aliyesoma chuo cha Kurani mpaka akahitimu, akaweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Siku moja Bwana Nyota alimwita jioni, akamwekea jicho kwenye darubini, akamwuliza anaona nini.

"Naona Mshtarii, Bwana, na shanga zake nne."

"Nne? Una hakika?"

"Nne. Moja iko karibu sana, kama inataka kujificha."

Bwana Nyota mwenyewe alikuwa ameona tatu. Usiku uliofuata aliona mbili, na mwaka ulipokwisha alikuwa haoni hata mkono wake mwenyewe. Daktari wa Dar es Salaam alisema hakuna dawa. Mtu mwingine angefunga mizigo akarudi kwao. Yeye alimfundisha Mosi tarakimu za Kizungu, mpangilio wa kitabu na namna ya kusoma saa kubwa iliyokuwa ndani ya kisanduku, wakaendelea na kazi.

Na jinsi walivyofanya kazi ilipendeza kuitazama. Mosi alikaa kwenye darubini, mzee akakaa kando ya saa, sikio kwenye kisanduku, akihesabu milio yake kimoyomoyo. Mwezi mdogo ukipotea, Mosi alisema, "Sasa!" Mzee akataja sekunde. Mosi akaruka kwenye saa, akasoma saa na dakika, akaandika, kisha akatazama kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi moja kila siku, akaandika tarehe. Pakiwa na mawingu aliandika "mawingu" na kwenda kulala. Asubuhi alipima mvua ya chomboni. Katika miaka saba aliona kupotea kwa miezi ile mara mia tatu na kumi na mbili. Juu ya jalada la kila kitabu paliandikwa jina moja tu, Osterkamp, na hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo, hata Mosi mwenyewe.

Lakini dunia haikukaa kuwasubiri. Waya wa simu ulifika Morogoro pamoja na reli, ukawa unaleta saa kutoka pwani kila siku. Mafundi hawakupanda tena kilimani. Ndipo ikaja barua. Wakubwa wa Dar es Salaam wanataka kujua kama kuna haja ya kuendelea kuitunza nyumba ile. Mkaguzi atakuja kusoma vitabu. Akiona ni vya kuaminika, nyumba itabaki na mtunzaji atalipwa. Akiona si vya kuaminika, darubini itafungwa kwenye masanduku na nyumba atapewa mwenye shamba la jirani aweke pamba. Mosi alimsomea mzee nakala ya Kiswahili iliyoambatanishwa, akafika kwenye neno pamba, akasonya.

"Usiogope," alisema Bwana Nyota. "Vitabu vyetu havina doa."

"Siogopi, Bwana," alisema Mosi, naye alikuwa hasemi kwa kujigamba. Aliviamini vitabu vile kama alivyoamini kwamba jua litachomoza.

Mkaguzi alifika Alhamisi asubuhi. Jina lake Hessling, kijana mrefu, mwenye Kiswahili safi cha vitabuni na tiketi ya treni ya kesho yake mfukoni. Huyu hakuja kupoteza muda. Alimsalimu mzee kwa heshima, akamwitikia Mosi shikamoo yake kwa kichwa, akaketi na vitabu saba upande mmoja na vitabu saba vya Berlin upande wa pili, akaanza kulinganisha. Mosi alimpelekea chai. Haikunywewa. Akampelekea maji. Saa nane mchana mkaguzi alivua miwani, akaipangusa, akaita.

"Mama Mosi. Hizi ni hati zako?"

"Ni zangu, Bwana."

"Nimetazama arobaini. Saa zote ni sawa. Lakini tarehe za ishirini na sita si sawa. Hapa umeandika mwezi umepotea tarehe kumi na tano. Ulipotea tarehe kumi na nne. Hapa tarehe tatu. Ulipotea tarehe mbili. Kila kosa ni lile lile, siku moja imezidi."

"Haiwezekani."

"Basi nikuambie ilivyowezekana. Usiku ulilala. Asubuhi yake ulifungua kitabu cha Berlin, kilichokuwa hapa hapa rafuni, ukanakili saa, na kwa haraka ukaandika tarehe ya siku ile uliyoandikia. Hizo kumi na nne zilizo sawa, labda siku hizo uliamka kweli. Sijui. Na mimi siwezi kupeleka Dar es Salaam kitabu ambacho sijui lini ni cha kweli na lini si cha kweli."

Aliyemwumiza Mosi si mkaguzi. Huyo alikuwa mgeni tu, na mgeni anaweza kusema lolote akapanda treni akaenda zake. Aliyemwumiza ni mzee. Bwana Nyota alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na saa, mikono juu ya fimbo, naye akauliza kwa sauti ndogo:

"Mosi. Kuna siku ulilala?"

Miaka saba. Baridi ya mlimani ya mwezi wa saba inayopenya mpaka kwenye mifupa, siafu waliomng'ata miguu asisogee kwa sababu mwezi ulikuwa karibu kupotea, homa aliyotoka nayo kitandani akaja kuvuta kamba ya paa, yote hayo, halafu aulizwe hivyo. Alimkasirikia mzee kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu.

"Nilipolala niliandika 'mawingu', Bwana, kwa sababu palikuwa na mawingu," alisema. "Zaidi ya hapo sina la kusema."

Akatoka. Alikwenda kufagia nyuma ya nyumba mahali palipokuwa pamekwisha fagiliwa asubuhi, na alifagia mpaka udongo mwekundu ukatokeza. Ndani alimsikia mkaguzi akipigilia misumari kwenye sanduku la kwanza. Mchana wote ulipita hivyo. Alilia kidogo, akanawa uso, akalia tena. Hakulilia mshahara, maana huo ulikuwa mdogo kiasi cha kuchekesha. Alilia kwa kuwa kitu pekee alichokifanya duniani bila dosari kilikuwa kinapigiliwa misumari pamoja na jina la mwongo.

Jua lilizama nyuma ya tambarare za Mkata, na kutoka mjini ikapanda sauti nyembamba ya adhana. Mosi aliingia kuaga. Mkaguzi alikuwa ameketi mezani akiandika ripoti yake kwa taa, mzee yuko pale pale kitini, chakula chake hakijaguswa. Mosi alipita ukutani, kwa mazoea ya miaka saba, akachana karatasi ya kalenda.

Mkaguzi aliinua kichwa.

"Kwa nini unachana? Siku haijaisha."

"Imekwisha, Bwana. Jua limezama."

"Leo ni Alhamisi."

"Ilikuwa Alhamisi," alisema Mosi, bado na hasira zake. "Sasa Ijumaa imeingia. Huisikii adhana?"

Mkaguzi alitikisa kichwa kama mtu anayemsikitikia mtoto, akarudi kwenye kuandika kwake. Lakini Mosi hakuondoka. Alisimama na ile karatasi mkononi, akaitazama, akatazama ukuta. Ukutani palikuwa na tarehe ya Ijumaa. Usiku huu, kama angetazama nyota saa tatu, angegeuka hapa, angeinua macho, angeandika tarehe hiyo.

Alisogea mezani.

"Bwana Mkaguzi," alisema. "Zile za uongo. Nisomee saa zake tu."

"Nimekwisha kukuambia saa ni sawa."

"Nisomee. Tafadhali."

Labda ni ile tafadhali, labda ni sura yake. Hessling alivuta karatasi yake, akasoma kwa uvivu: "Saa tatu usiku. Saa mbili na robo. Saa nne. Saa moja na nusu. Saa tano kasoro..." Sauti ilianza kupungua kasi.

"Na zile za kweli?"

"Saa nane." Akageuza karatasi. "Saa tisa na dakika kumi. Saa saba. Saa kumi."

"Zilizo kabla ya saa sita ya usiku zote ni za uongo," alisema Mosi, "na zilizo baada ya saa sita zote ni za kweli. Sivyo? Bwana, kwetu sisi siku huingia jua likizama. Usiku huja kwanza, mchana huja nyuma yake. Mimi kila jua likizama nachana karatasi. Nyinyi mnangoja mpaka saa sita ya usiku, wakati kila mtu amelala, sijui ni kwa nini. Nimeandika siku niliyoiona ukutani. Sikuibuni."

Bwana Nyota alikuwa amesimama. Fimbo ilimwanguka, hakuitafuta.

"Mungu wangu," alisema. "Mimi nilimwuliza saa, dakika na sekunde, miaka saba. Siku sikumwuliza hata mara moja. Nani anamwuliza mwenzake leo ni siku gani?"

Mkaguzi alikuwa amekwisha kufungua kitabu cha kwanza na kuanza upya, safari hii si arobaini bali zote, penseli yake ikienda mbio. Mosi na mzee walisimama wakimsikiliza akifungua kurasa. Mia tatu na kumi na mbili. Zilizokuwa kabla ya saa sita ya usiku aliziondolea siku moja, zilizokuwa baada ya hapo akaziacha, na kila moja, bila kubakiza hata moja, ikakaa mahali pake. Alipomaliza hakuwa tena yule kijana wa tiketi mfukoni.

"Mvivu angekuwa macho saa tatu usiku na kulala alfajiri," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Nilipaswa kuliona hilo. Hizi za saa kumi ndizo ngumu, na zote zipo." Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe. "Na mimi wa kumcheka mtu! Maofisini siku yetu huanza usiku wa manane. Lakini sisi wataalamu wa nyota tumeamua siku ianze adhuhuri, ili tusibadilishe tarehe katikati ya kazi. Kitabu hiki cha Berlin chenyewe nimekuwa nikikigeuza tarehe tangu asubuhi. Mama Mosi, nakuomba radhi. Vitabu hivi ni bora kuliko vya kwetu pwani."

Mosi alishukuru kwa adabu. Alifurahi, na hakuificha furaha yake. Lakini alikuwa bado hajamtazama mzee.

"Nitaondoa misumari," alisema mkaguzi. "Lakini kuna jambo moja, na ni lazima niliseme wazi. Ripoti inataka jina la aliyetazama. Nikiandika Osterkamp, kama jalada linavyosema, nyumba itabaki, nina hakika kabisa. Nikiandika kwamba aliyetazama ni..." Alitafuta neno la heshima asilipate. "Wakubwa wangu hawatasoma mpaka mwisho. Wataona jina la mfuaji nguo, mwanamke, mwenyeji, watasema ni mzaha. Pamba itaingia humu kabla ya masika."

"Andika la Bwana," alisema Mosi hapo hapo. Hakuhitaji kufikiri. Nyumba ilikuwa kubwa kuliko jina.

"Hapana," alisema Bwana Nyota.

"Bwana, wataifunga."

"Huenda. Mosi, nimekuuliza leo swali ambalo sikuwa na haki ya kukuuliza. Nilikuuliza kwa sababu nilijiona ni mimi mwenye vitabu, na wewe ni jicho tu nililoazima. Miaka saba nimeacha jalada liseme uongo, kwa kuwa uongo huo ulinipendeza. Hiyo ndiyo tarehe ya uongo humu ndani, nyingine hakuna." Aligeuza uso upande wa mkaguzi, akakosea kidogo, akawa anazungumza na ukuta. "Kijana, mimi sikuona hata moja ya hizo mia tatu na kumi na mbili. Andika aliyeona."

Hessling alimtazama Mosi. Sasa neno lilikuwa lake.

Mosi alitazama juu, kwenye tundu la paa, ambapo nyota za mwanzo za Ijumaa yake zilikuwa zimeanza kujitokeza. Alikuwa anaipenda nyumba ile kuliko kitu chochote alichowahi kupewa, na hakupewa vingi. Aliwaza pamba imejaa mpaka pale juu, panya wakizaliana kwenye kiti cha darubini. Aliwaza pia jinsi mkaguzi alivyopekua ukurasa baada ya ukurasa bila kupata neno la uongo, na jinsi shingo yake mwenyewe ilivyonyooka kila ukurasa ulipogeuzwa. Alijua kwamba akikubali nyumba ibaki kwa jina lisilo lake, ataingia humu kila jioni na kuandika ukweli chini ya jalada la uongo, na kwamba sasa, kwa kuwa amekwisha kulijua hilo, hataweza.

"Nipe kalamu," alisema.

Mkaguzi alimwonyesha ukurasa wa mbele wa kitabu cha kwanza, uliokuwa mtupu. Mosi aliandika polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi za chuo, akaweka nukta zote kwa uangalifu. Hessling aliinama akatazama, akashindwa kusoma, akamwomba amfasirie ili aiweke kwenye ripoti kama ilivyo.

Mosi alimsogelea mzee, akamshika mkono kwa mara ya kwanza siku ile, akamwongoza mpaka kitini. Ndipo akasoma kwa sauti, ili na yeye asikie:

"Katika vitabu hivi, siku huanza jua likizama. Aliyeona ni mimi, Mosi binti Pazi."

Mkaguzi aliandika neno kwa neno. Kesho yake alipanda treni na ripoti yake, akaahidi kuitetea kadiri atakavyoweza, na hakuahidi zaidi ya hapo. Jibu la Dar es Salaam lilikuwa bado halijafika mvua za vuli zilipoanza, wala masika. Masanduku yalibaki matupu kando ya ukuta, misumari imeng'olewa, yakingoja kujua kama yatahitajika. Na kila jioni isiyo na mawingu paa lilisikika likizunguka kule juu, na Mosi akaandika alichokiona, na mwisho wa mstari akatia jina lake.